Waifai ya Ansbert Inanisema

Nyakisasa, Ngara
Alhamisi, Agosti 2017

Kwa Mwenyekiti wa Kitongoji,
Mama Clotilda,
Kwa mkono.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: OMBI LA KUGEUZWA KWA RUTA YA JIRANI YANGU IELEKEE BONDENI KWENYE VYURA

Shikamoo mama. Naamini maharage yako yamekauka kabla ya mvua, na ule mguu umeanza kukanyaga vizuri. Sisi huku miili ni mizima. Ningekuja mwenyewe kueleza, lakini ulishatangaza mkutanoni kwamba mtu mwenye hasira asije kwako na mdomo, aje na karatasi. Karatasi ndiyo hii.

Unanifahamu, ila barua ya serikali lazima ijieleze. Mimi ni Anastazi Bukuru, mwenye nyumba iliyoezekwa bati upande mmoja na nyasi upande wa pili. Juu yangu anakaa Ansbert, mchuuzi wa ng'ombe. Kati yetu kuna ua wa minyaa. Chini yangu ni bonde, linalojikunja hadi ubavuni mwa nyumba ya Ansbert, na bondeni wanakaa vyura. Naomba mpangilio huo uushike, maana kesi yote imelala humo.

Jambo lenyewe lina haraka kwa sababu ya Jumapili hii. Mke wangu Felisita alivuka kutoka Burundi mwaka 1993 akiwa msichana, na mdogo wake Aline akiwa mgongoni. Baba yao alibaki njiani. Felisita nikamwoa mimi. Aline akakulia kambini, na baadaye akapandishwa ndege kwenda kuishi nchi ya baridi, mahali ambapo nasikia hata ng'ombe wanalala ndani ya nyumba yenye umeme. Tangu lori la kambi lilipoondoka naye, dada mtu hajamgusa. Sasa Aline amejifungua, na amemwomba Felisita ampe mtoto jina, kwa kuwa wa kulitoa angekuwa baba yao. Kwa familia yao jina halitumwi kwa maneno. Mtoto anatazamwa usoni kwanza, ndipo anaitwa. Kwa hiyo inatakiwa simu ya video.

Na hapa kwetu picha ya video haipiti popote isipokuwa kwenye waifai ya Ansbert. Simu zetu wenyewe, ukitaka zishike mnara, unapanda juu ya kichuguu, na ukishapanda unasikia nusu ya salamu.

Ndiyo maana naomba waifai hiyo iondolewe upande wangu.

Najua hapo umeinua macho. Tafadhali endelea, nitaeleza kwa namba.

1. Kuhusu kuichagua. Ansbert alipotaka kununua ruta alinichukua kuwa shahidi. Mama, wewe ni mzaliwa wa hapa, unajua kwetu mtu haendi kununua ng'ombe peke yake. Anakwenda na jirani. Jirani anaangalia meno, anaangalia kwato, anasema "huyu sawa", na siku ng'ombe akianza kutoa maziwa, kibuyu cha kwanza kinakwenda kwa shahidi. Sheria hiyo haijaandikwa popote na sijasikia aliyeivunja. Basi tulipanda bodaboda moja hadi Ngara mjini, tukaingia dukani, muuzaji akatupangia ruta mezani. Kulikuwa na isiyo na antena, kulikuwa na yenye mbili, na kulikuwa na yenye nne. Kijana wa watu alieleza vizuri kabisa: kwanza mjue ni mnara wa kampuni gani unaofika kwenu, ndipo mchague laini, halafu mjue simu ngapi zitaitumia. Ansbert alimsikiliza kama mtu anayesubiri mvua ikatike. Kisha akaomba azione pembe.

Aliikamata ile yenye nne, akaigeuza, akaitazama chini, akaipima uzito kwa mkono, akauliza kama imewahi kuugua. Muuzaji akasema pembe nyingi si hoja kama mnara haufiki. Ansbert akamjibu kwa upole kwamba yeye alianza kuchagua pembe wakati baba wa muuzaji bado ananyonya. Mimi kwa nafasi yangu ya ushahidi nilisema, "Pembe zimekaa vizuri," na kweli zilikuwa zimekaa vizuri. Tukainunua. Malalamiko yangu ya kwanza, kwa hiyo, ni kwamba ruta imeanza kutoa, na kibuyu cha shahidi sijakiona hadi leo.

2. Kuhusu kuisimika. Ansbert aliifungia sandukuni kwanza, pamoja na hati ya shamba na suti ya harusi, akashangaa kwamba haitoi kitu. Akaihamishia chini ya kitanda. Halafu mkewe Frida akaifunika kwa kitunga ili isiingie vumbi, na kwa kuwa ruta ina joto, kuku akaona hapo ndipo mahali pake. Alitamia, mama. Kwa siku hizo simu za kwa Ansbert zilikuwa zikishika pale tu kuku anapotoka kunywa maji. Mimi nilikuwa nikiyaona yote hayo kutoka upande wangu wa ua, na nilisema kwa sauti ya kawaida kwamba kitu hicho kinataka kukaa juu, peupe, katikati ya nyumba, kama muuzaji alivyosema. Ansbert akaitundika sebuleni karibu na msalaba. Frida akakataa, akisema wakati wa rozari watu wanatazama taa za kijani. Mwisho ikapelekwa kwenye dirisha. Nyumba ile ina madirisha ya kutosha, lakini lililochaguliwa ni linalotazama kwangu.

3. Kuhusu jina. Hapa ndipo penye jeraha. Unajua kwetu mtu mwenye neno na jirani yake hamwendei mlangoni. Anafuga mbwa, anampa mbwa lile neno liwe jina, halafu jioni anamwita mbwa. Ansbert ana mbwa anaitwa Hamtosheki. Mimi wangu anaitwa Tumekusikia. Tumeishi hivyo miaka mingi kwa amani, kila mmoja akimwita wa kwake.

Lakini mbwa analala, mama. Mbwa hapiti ukutani. Ansbert alipoulizwa na ruta aiite waifai yake jina gani, aliandika NUNUENI WENU. Tangu siku hiyo kila simu inayowashwa nyumbani kwangu inaonyesha NUNUENI WENU, asubuhi kabla sijaosha uso, hadi chumbani ninapolala na mke wangu wa ndoa. Ansbert anasema hakumlenga mtu. Nimepiga hesabu ya waliopo. Upande wa pili wa nyumba yake ni malisho, na chini yangu ni vyura, ambao hawana simu. Nimebaki mimi.

Wiki iliyopita katekista Evaristi alikuja kutusalimia. Akaketi, akatoa simu aone saa, akasoma, akairudisha mfukoni. Felisita alikuwa ndiyo kwanza anaweka chai jikoni. Katekista akasema hapana, chai amekunywa njiani, akaaga. Hadi leo anaamini maneno yale yalitoka kwetu.

4. Kuhusu neno la siri. Muuzaji alimwambia Ansbert aweke neno asilolijua mtu mwingine. Ansbert aliweka jina la ng'ombe wake ampendaye, Bihogo. Ruta ikakataa, ikasema herufi hazitoshi. Basi akaliandika mara mbili, bihogobihogo, kwa sababu ndivyo anavyomwita. Na anamwita kila jioni, akiwa amesimama juu ya mwinuko, kwa sauti inayofika barabarani. Sijawahi kumsikia mtu akiitangaza siri yake kwa juhudi namna ile. Hapa kilimani hakuna asiyeijua, na simu ya Felisita iliingia kwa jaribio la kwanza tu. Kisha Ansbert akaona kuna wageni, akabadilisha, akaweka jina la ndama. Ndama naye huitwa jioni. Nalalamika kwamba nalazimishwa kuijua siri ya mtu bila kutaka, jambo ambalo ni mzigo kwa Mkristo.

5. Kuhusu yaliyofuata. Sikutaka kukaa kimya kama mtu aliyekosa. Simu yangu nayo inaweza kutoa waifai ya kwake. Ndani yake hamna kitu, ni kibuyu kitupu, lakini jina linaonekana, na jina ndilo nililolihitaji. Nikaiita TUMEKUSIKIA. Kesho yake ya Ansbert ikawa MASIKIO HAYASHIBISHI. Nikaandika TUMESHIBA ZAMANI. Akaandika KWA MAHARAGE YA NANI. Suala la mbuzi wangu na maharage yake uliliamua wewe mwenyewe mwaka juzi, mama, wala silirudii hapa. Nataja tu kwamba yeye amelirudia, na kwa herufi kubwa.

Sasa ruta ina tabia moja ambayo muuzaji hakutuambia. Ukibadilisha jina lake, simu zote zilizokuwa ndani zinatupwa nje, hadi zibishe hodi upya. Jumapili iliyopita nilirudi kutoka misa nikiwa na jawabu zuri, nikaliweka. Ansbert akaliona. Wakati huo Felisita alikuwa amesimama kwenye minyaa, mahali ambapo waifai inashika, ameinua simu, na Aline kule aliko amembeba mtoto amefungwa nguo. Wamesalimiana, wamelia kidogo, wamecheka. Aline akaanza kufunua nguo usoni mwa mtoto. Hapo hapo Ansbert akanijibu. Picha ikakatika.

Felisita aliona sikio.

Tangu siku hiyo analisimulia lile sikio. Linafanana na la baba yao, anasema, limekunjwa kidogo juu. Mimi hanisemeshi. Chakula anaweka, hasemi karibu. Neno alilonipa ni moja tu, siku ile ile, akiwa bado ameishika simu: "Nyie endeleeni kuitana. Mimi nina jina moja la kutoa, na mmelikatia kwenye sikio." Nikamweleza kwamba aliyebadilisha ni Ansbert. Akanitazama namna ambayo siwezi kuiandika kwenye barua ya serikali.

6. Kuhusu sheria. Nimelifikiria hili kwa utulivu. Mbuzi wa mtu akivuka ua na kuingia kwangu, nina haki ya kumfunga hadi mwenyewe aje. Ng'ombe vilevile. Mawimbi ya Ansbert yanavuka ua kila dakika, yanapita katikati ya migomba yangu, yanaingia chumbani bila hodi, na yanasema maneno. Kama ningekuwa nimeingia mimi chumbani kwa Ansbert na kusimama nikisema "nunueni wenu", leo ungekuwa umeniitia mgambo. Nashindwa kuona tofauti. Kamba ya kuyafungia sina. Nilichoweza ni kuyakamata kwenye simu ya mke wangu, na hayo yaliyokamatwa tumeyatumia, kama mtu anavyomkama ng'ombe aliyepotea na kuingia kwake, ili asiumie kiwele.

Kwa hiyo naomba serikali ya kitongoji iamue yafuatayo. Kwanza, ruta igeuzwe, iwekwe kwenye dirisha la bondeni, iwasemee vyura. Pili, ikatwe pembe mbili, kama anavyokatwa ng'ombe mkorofi, ibaki na nguvu za kawaida. Tatu, majina ya waifai yatolewe na mkutano wa kitongoji, kama tulivyoipa jina njia ya kisimani. Nne, Ansbert azuiwe kuita ng'ombe kwa jina, na kama lazima aite, apige mluzi.

Kuhusu Felisita, nimelipanga. Jumapili apande bodaboda aende Ngara mjini, kilimani pale mtandao ni wa kumwaga, ampe mtoto jina akiwa huko. Nilimtumia ujumbe huo kupitia kwa Frida, kwa kuwa na Frida wanasemeshana. Jibu lililorudi ni kwamba hatampa mjukuu wa baba yake jina akiwa kituo cha basi, katikati ya wapiga debe. Anataka Aline aone migomba, aone moshi wa jiko, aone mahali ambapo mtoto ana kwao. Naomba utakapokuja kuamua, na hilo ulizingatie, ingawa sioni utalizingatiaje.

Mimi si mtu wa ugomvi. Nataka tu kukaa nyumbani kwangu bila kusomewa.

Wasalimie watoto wote na mzee wako. Msalimie mama mkwe, mwambie ile mbegu ya mihogo imeshika. Msalimie katekista Evaristi ukimwona, na umweleze lile neno halikuwa letu, chai ipo. Frida anakusalimu, alinipa salamu hizi kupitia kwenye minyaa. Felisita angekusalimu pia kama angekuwa anapitisha salamu kwangu.

Ni mimi mkazi wako mtiifu, wa kati ya minyaa na vyura,

Anastazi Bukuru

N.B. Jumatatu asubuhi.

Barua hii imechelewa kukufikia. Kabla ya kuifunga niliisoma kilabuni Ijumaa, ili wenzangu wanisaidie kuona kama Kiswahili kimekaa sawa. Kilikuwa kimekaa sawa mno. Ansbert aliyajua maombi yangu kabla yako, na Jumamosi, ili nisije nikashinda, akageuza ruta mwenyewe. Akaipeleka dirisha la bondeni. Vyura jioni ile waliimba kuliko kawaida, sijui kama vinahusiana.

Kwa hiyo jana, baada ya misa, Felisita alisimama kwenye minyaa na simu, na simu haikuwa na kitu. Akaisogeza juu, akaisogeza chini. Alikuwa amevaa kitenge chake cha sikukuu na amefagia uwanja wote ili Aline auone. Hakuniangalia. Muda waliokubaliana na mdogo wake ulikuwa umeshafika.

Nilisimama pale nikitafuta neno la kumwambia Ansbert lisilo ombi. Nikaita kwa sauti juu ya ua, "Ansbert, nimekuja kudai kibuyu changu cha shahidi."

Kisha akajibu kutoka ndani, "Nilikuwa nashangaa lini utakidai."

Mama, kibuyu cha shahidi hakinyimwi, na yeye hilo analijua kuliko mimi. Alitoka akiwa ameibeba ile ruta kifuani kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba ndama aliyezaliwa mvuani, pembe zote nne zimesimama. Nyuma yake Frida na betri ya sola kichwani, juu ya kata, na waya ukiwaunganisha, kwa hiyo walitembea hatua zinazolingana kama maharusi. Walipofika kwenye minyaa, Ansbert akaiinua juu ya ua, upande wangu, akaishikilia hapo. Simu ya Felisita ikalia.

Aline alifunua nguo yote. Felisita alimtazama mtoto kwa muda mrefu, hadi mimi nikaanza kuogopa bando. Akatazama lile sikio, akatazama na la pili. Mikono ya Ansbert ilianza kuchoka, nami nikaingiza ya kwangu kati ya minyaa nikamsaidia kushika upande wa pili. Ndipo Felisita akamwita mtoto, "Ndizeye."

Kwa wasiojua Kirundi, ni kusema nina tumaini. Aline alilirudia, mtoto akapiga chafya, wakalihesabu hilo kuwa jibu. Ansbert alikuwa akilengwalengwa na machozi. Akasema ni utomvu wa minyaa umemwingia. Minyaa tulikuwa hatujaivunja hata tawi.

Leo asubuhi nimewasha simu kabla sijaosha uso. Waifai ya Ansbert inaitwa NDIZEYE. Haina neno la siri.

Kwa sababu hiyo naomba namba moja hadi sita uzisome kama mazungumzo tu. Maombi yangu nayabadilisha hivi. Ruta bado iko dirisha la bondeni, kwa sababu Ansbert anasema niliomba serikali igeuze, basi hairudishi hadi serikali ijibu. Tafadhali jibu leo. Amuru irudi kwenye dirisha linalotazama kwangu, na ikiwezekana itolewe nje kidogo ya dirisha, maana jikoni kwa Felisita inafika kwa udhaifu. Pembe zisiguswe. Nne ni chache. Mimi niliyekuwa shahidi niseme ukweli, yenye pembe sita ilikuwepo dukani, hapo juu sikuitaja, na tuliiacha.

Felisita amenisemesha. Amesema nipeleke barua.

Kuhusu mbwa, wanabaki na majina yao.